Kidole kinaona kikitembea

Kama unaanza breli ukubwani, yale maandishi ya nukta zilizoinuka ambayo sisi vipofu tunayasoma kwa vidole, nakuomba jambo moja kabla ya yote: usibonyeze.

Presha ya macho ilinipofusha nikiwa na miaka 34, muuza maharagwe hapa Busia, upande wa Uganda. Mwalimu aliponiwekea ukurasa wa kwanza nilizikandamiza nukta kama ninayetafuta mawe kwenye ungo. Vidole vikafa ganzi, nukta zote zikawa kitu kimoja. Akanishika kiganja: "Mama Zena, pita juu yake kama unapangusa vumbi." Nikapita polepole, nikahisi mwanya kati ya nukta na nukta. Kumbe mwanya nao unasomwa. Kidole kikisimama hakioni kitu. Kinaona kikitembea, tena kikiwa chepesi.

Nawa mikono na uikaushe vizuri, maana jasho hukwamisha kidole. Halafu zoea mikono yote miwili tangu siku ya kwanza: wa kulia ukimalizia mstari, wa kushoto uwe umeshatangulia mwanzo wa mstari unaofuata. Mimi nilisoma kwa kidole kimoja miezi mitano. Kuiacha tabia hiyo kulinisumbua kuliko herufi zenyewe.

Herufi zina mpango, ushike huo. Kila moja hukaa kwenye nafasi ya nukta 6, safu mbili za nukta tatu tatu. A hadi J hutumia nukta nne za juu tu. K hadi T ni zilezile kumi, ukiongeza nukta ya 3, ile ya chini kushoto. Iliyo nje ya mpango ni W: Louis Braille alibuni maandishi haya mwaka 1824, kijana wa miaka 15, kwa ajili ya Kifaransa, lugha isiyoihitaji sana. Sisi bila W hatuandiki watu, wali wala mwana. Ijue mapema: ni J yenye nukta ya 6, chini kulia. Q na X zisubiri.

Kuandika kwa kibao na kalamu ya ncha ya chuma kutakuchanganya, kwani unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha unageuza karatasi ndipo usome. Vumilia, hupita.

Utaambiwa simu inasoma kila kitu. Kweli, naitumia kutwa. Lakini simu hukata chaji, na sokoni ikitaja deni la mtu kwa sauti, majirani wote wamesikia. Daftari langu la madeni ni la karatasi ya manila, nalisoma mapajani bila mtu kujua.

Wiki iliyopita mteja alishikilia kwamba alichukua kilo 8 za maharagwe aina ya nambale. Nikapapasa mstari wake: kilo 12, tarehe na siku. Nikamsogezea daftari, nikamwekea kidole chake juu ya nukta. Akanyamaza kidogo, akahesabu pesa. Nilitoboa "amelipa" akiwa bado amesimama mbele yangu.