Kurambaza kokani na trauti: majibu kwa wavuvi wapya wa Idaho, Marekani

Maswali ya msimu huu mengi yametoka kwa wenzetu wa Boise, na karibu yote yanahusu Lucky Peak, ziwa la bwawa lililokamilika 1955, nje kidogo tu ya mji. Nimeanza na lile lililonigusa zaidi.

Nimekulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, baba alikuwa akivua ndagala kwa taa. Huyu kokani ni samaki gani, na mbona haugusi mnyoo wangu?

Mzee wangu, wewe unamjua kuliko unavyodhani. Kokani ni samoni asiyekwenda baharini. Anazaliwa, anakua na kufa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Chakula chake ni vijidudu vinavyoelea majini, anavyovichuja kwa matamvua. Hapo yuko karibu na ndagala wa kwenu, na wale sambaza waliotolewa Ziwa Tanganyika wakapandwa Ziwa Kivu mwaka 1959. Mnyoo uliolala chini kabisa haumhusu.

Ndiyo maana tunarambaza. Tunaburuta nyuma ya mashua kibati kinachong'aa, kinachoyumba kushoto na kulia, na nyuma yake, kwa uzi mfupi wa sentimita 25 hadi 40, kingisi cha plastiki, yaani chambo bandia chenye umbo la ngisi mdogo, cha rangi ya waridi au chungwa chenye ndoana mbili ndogo. Kila ndoana ivishe punje moja ya mahindi meupe. Mtu atakuuliza samaki wa vijidudu anataka nini na mahindi. Kwa ninavyoona mimi, kibati kinamkera, rangi inamvuta, harufu ya punje inamaliza kazi.

Tulikuwa majini tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita mchana. Rangi zote tulijaribu, tukaambulia trauti wawili tu. Tulikosea wapi?

Barua yako ndefu, ndugu yangu, imetaja rangi saba. Kina hukukitaja hata mara moja, wala mwendo. Kosa liko hapo.

Mwezi wa saba maji ya juu yana joto, lakini ukishuka unafika tabaka ambamo joto linaporomoka ghafla. Kokani anapenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 hivi za selisiasi, na huyafuata yanakokwenda. Alfajiri unaweza kumpata mita nane au kumi. Jua likipanda anashuka, mita kumi na tano, ishirini. Trauti wa upinde wa mvua, jamaa wa samoni, anastahimili maji ya juu, ndiyo maana mlipata wale wawili. Mlikuwa mnapita juu ya vichwa vya kokani asubuhi nzima.

Wenye uwezo hutumia winchi ndogo ya ubavuni inayoteremsha chubwi la kilo nne au tano. Mshipi unabanwa kwenye kibanio karibu na chubwi, samaki akivuta unachomoka. Usipokuwa nayo, nunua mshipi wenye madini ya risasi ndani, ule unaobadilika rangi kila mita tisa, uhesabu rangi ulizotoa. Kila utakapopata samaki, andika umetoa ngapi.

Mwendo uwe kilomita 1.6 hadi 2.4 kwa saa, mwendo wa mtu aliyemshika mkono mtoto anayejifunza kutembea. Na usiende moja kwa moja, pinda kama nyoka. Mashua ikikata kona, mshipi wa nje unaongeza kasi na wa ndani unapungua na kuzama. Angalia ni upi unaoguswa. Ukiguswa wa ndani, punguza mwendo au ongeza kina. Ukiguswa wa nje, kaza mwendo kidogo.

Jambo moja zaidi, kwa sababu limenipotezea samaki wengi. Ufito wa kuvulia ambao mshipi wake umebanwa kwenye chubwi hukaa umepinda kama upinde. Kokani akiuma, ncha inadunda mara mbili, kisha ufito wote unanyooka na mshipi unalegea. Mgeni anafikiri samaki ameondoka. Hajaondoka! Ameuchomoa mshipi kwenye kibanio na anapanda juu akikufuata. Zungusha roda, gurudumu la kukunjia mshipi, mbiombio mpaka uzito urudi mkononi.

Wananitoka wakiwa hatua mbili tu kutoka mashua.

Mdomo wa kokani ni laini kama karatasi iliyolowa. Usimkwanyue. Tumia ufito mwororo, legeza breki ya roda, na mwenzako awe na wavu tayari majini kabla samaki hajafika.

Mume wangu analeta kokani nyumbani, nyama imelegea kama uji. Ni samaki mbovu?

Samaki ni mzuri mno, dada, amedhulumiwa njiani. Nyama yake ni nyekundu, ina mafuta, na joto linaiharibu upesi. Mwambie amkate matamvua akiwa hai ili damu itoke, kisha amzike kwenye barafu palepale, asimwache kwenye ndoo ya maji yaliyopigwa jua. Nyumbani usimkaange kwa muda mrefu. Mimi humpaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, namchoma kwa moto wa wastani, tui zito la nazi namwagia mwishoni. Ngozi ikianza kubabuka, epua.

Mwanangu ana miaka 11. Anahitaji leseni?

Mkazi wa Idaho aliye chini ya miaka 14 hahitaji. Wewe mzazi unahitaji, na ukitaka kutumia fito mbili kuna kibali cha ziada. Idadi ya samaki wa kuchukua hutofautiana kati ya ziwa na ziwa, kwa hiyo soma kanuni za ziwa lako kabla ya kutoka. Mvishe mtoto boya la kifuani muda wote mashua inapotembea. Kwenye mashua ndogo ni sheria kwa umri wake, na maji haya ya theluji yanamwishia mtu nguvu haraka.

Mfundishe pia kutazama pezi la mgongoni la kila trauti. Lisipokuwa na madoa meusi, huyo huenda ni bull trout, samaki anayelindwa kisheria. Anarudishwa majini papo hapo, bila kupigwa picha ndefu.

Mwezi wa tisa niliona kokani wekundu, midomo imepinda, kando ya mto. Ni ugonjwa?

La. Wamefika miaka mitatu au minne, wanapanda mto kutaga, na baada ya hapo wanakufa wote. Mafuta ya mwilini yamekwisha kwa safari, nyama imepauka, hakuna utamu wa kutafuta hapo. Wapeleke watoto mto unaoingia Payette Lake, kule McCall. Simameni ukingoni kimya mtawaona jike akilala ubavu na kupiga changarawe kwa mkia, anachimba shimo la mayai, na dume mwekundu akizunguka kufukuza wengine.