Shangazi, naambiwa nivumilie kwa ajili ya watoto, lakini moyo haunyanyuki

Marahaba, mwanangu wa Igombe, huko Mwanza. Kwa faida ya wasomaji wengine naieleza barua yako kwa ufupi: mvua za Aprili ziliozesha dagaa uliowanunua kwa mkopo wa kikundi, mume wako amehamia Geita na hatumi fedha, na kila unayemweleza anakujibu kwamba uvumilie kwa ajili ya wanao. Unawapenda, lakini unasema maneno hayo hayakuinui kitandani, nawe unaona haya kulikiri jambo hilo.

Usione haya. Watoto wamekupa wajibu, na wajibu huo unautimiza, kwa kuwa wanakula na wanakwenda shule. Sababu ya kuendelea ni jambo jingine. Majirani hawawezi kukuchagulia, na huenda ikawa ndogo kiasi kwamba wao wasingeihesabu.

Yako, nadhani, umeiandika bila kukusudia. Katikati ya barua unasema kwamba hata katika majuma haya ya uchovu hujawahi kuanika dagaa mchangani. Unakodi chanja za kuwaanikia juu ya ardhi, unawageuza, unawachambua, na unakasirika ukikuta katika soko la Mwaloni, pale Kirumba, mtu anauza dagaa wenye mchanga. Unajua vyema kwamba dagaa wa mchangani hupata bei ya chini na wengi huishia kuwa chakula cha kuku, lakini bei hukuitaja hata mara moja. Ulichokitaja ni mteja wako wa Sengerema, ambaye hukutafuta wewe tu kwa kuwa dagaa wako hawamsagi meno. Fungu hilo nimelirudia, kwa sababu hapo ndipo peke yake sauti yako haijachoka. Unataka kitu kilichopita mikononi mwako kiwe safi, na hakuna aliyekuagiza. Kila jioni, basi, jiulize ni kazi gani ya siku hiyo ungeifanya hata kama hakuna anayekuona, na kesho yake uanze na hiyo kabla ya madai ya watu.

Hata hivyo, sababu hailipi deni, nami sipendi uvumilie kinachoweza kuondolewa. Nenda kwa viongozi wa kikundi kabla ya siku ya rejesho, ukiwa na daftari lako, uombe marejesho yafuate siku za giza, dagaa wanapovuliwa, kwa kuwa wakati wa mbalamwezi mitumbwi hupumzika na wewe huna cha kuuza. Suala la matunzo ya watoto lipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Ilemela; baba kuhamia Geita hakumwondolei wajibu. Deni likishapungua, wewe na wenzako wa chanja mnaweza kuuliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 zikiwa za vikundi vya wanawake.

Jambo moja linanitia wasiwasi: umesema usingizi umekutoka na chakula hakipiti. Hali hiyo ikiendelea, au ukiona heri usingekuwepo, usingoje. Katika hospitali ya Bugando wapo madaktari wa afya ya akili, na kwenda kwao ni sawa na kwenda kutibiwa malaria. Mwombe dada yako akusindikize, kisha uniandikie kikundi kimekujibu nini.