Umealikwa Dhifa ya Ofisi: Uvae Nini?

Kuanzia Novemba kumbi za hoteli za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa hujaa dhifa za kufunga mwaka, za kuwaaga wastaafu na za kuwashukuru wateja, na barua mnazoniletea nazo hufuata msimu huohuo. Hizi hapa ni baadhi yake, nikiwa nimezifupisha na kubakiza lile hasa linaloulizwa.

SWALI: Shikamoo mama. Nimeajiriwa mwaka huu kuwa mhasibu msaidizi katika kampuni moja. Kadi ya dhifa ya mwisho wa mwaka imeandikwa "smart casual". Mwenzangu mmoja anasema jinzi na fulana nzuri zinatosha, mwingine anasema nivae suti kamili. Nimsikilize nani? (Kijana wa Ilala, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo wa jinzi mwache aende nayo mwenyewe. Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam maneno hayo kwenye kadi huwa na maana kwamba tai si lazima, lakini shati la mikono mirefu lenye kola, suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi vya kufunika vinatarajiwa, na koti likiwepo ni heri zaidi. Ukivaa suti kamili ukakuta wenzako hawana tai, utaivua yako na kuitia mfukoni. Ukivaa jinzi ukawakuta wakurugenzi wamevaa suti, huna la kuvua.

Hata hivyo usiitegemee kadi peke yake, kwa sababu aliyeiandika mara nyingi ameinakili ya mwaka jana. Muulize katibu muhtasi au afisa utawala ni nani atakayekaa meza kuu, chakula kitaliwa ndani au nje, na kama umepangiwa jambo lolote mbele ya watu, kwa mfano kupokea cheti au kutoa neno la shukrani. Dhifa ya benki na dhifa ya kampuni ya matangazo hazifanani hata zikifanyika katika ukumbi mmoja. Na kama wenyeji ni taasisi ya serikali, kumbuka kwamba watumishi wa umma wa Tanzania wana waraka wa mavazi wa mwaka 2007, unaokataza nguo za kubana, fupi na za kuonyesha maungo, na macho yao yamezoea hivyo.

Kisha kuna joto. Chakula kikiandaliwa nje, kwenye bustani ya hoteli iliyo ufukweni, Desemba ya Dar es Salaam haina huruma na mtu aliyevaa polista. Vaa pamba au kitani, na ndani yake singlendi. Shati jeupe huficha jasho kuliko la kijivu au la bluu mpauko, ambayo huchora ramani kwapani kabla hata hotuba ya ufunguzi haijakwisha. Chakula kikiwa ndani, mambo hugeuka, kwani viyoyozi vya kumbi zetu huwashwa kana kwamba wageni ni samaki wa kuhifadhiwa, na hapo koti litakusaidia kweli. Mezani utaonekana kuanzia kifuani kwenda juu kwa muda wote wa dhifa, kwa hiyo kama fedha ni chache, zielekeze kwenye shati na kola yake kabla ya kufikiria mkanda wa gharama.

SWALI: Ninafundisha shule ya binafsi jijini Nairobi na bodi imetualika chakula cha jioni rasmi. Sina suti, na suti mpya siimudu. Je, nikinunua ya mtumba Gikomba nitajulikana? (Mwalimu, Nairobi)

JIBU: Utajulikana tu kama haikukaa mwilini, na hilo ni kweli hata kwa suti mpya. Suti ya mtumba mara nyingi imeshonwa kwa sufu halisi, ilhali suti mpya ya bei nafuu dukani huwa ni polista tupu. Sufu inakufaa wewe mkazi wa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku una ubaridi. Jamaa yako wa Mombasa nisingemshauri hivyo.

Unapochagua, anza na mabega na uache mengine yote yasubiri. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Fundi anaweza kufupisha mikono, kubana kiuno na kupandisha pindo la suruali kwa gharama ndogo, lakini akitaka kurekebisha mabega itambidi alifumue koti karibu lote, na malipo yake yanaweza kuzidi bei uliyolinunulia. Ukishatosheka na mabega, inua kitambaa kwenye mwanga utazame matundu ya nondo, geuza bitana uone kwapani kama imechanika, na ukague makalio ya suruali, kwa sababu sufu iliyopigwa pasi miaka mingi bila kitambaa juu yake hung'aa, na mng'ao huo hauondolewi na fundi wala dobi. Ukipata koti jeusi lisilo na suruali yake, usitafute suruali nyeusi ya kulioanisha. Weusi wa vitambaa viwili hauwi mmoja chini ya taa za hoteli. Afadhali uvae koti la bluu iliyokolea na suruali ya kijivu, ieleweke kwamba ulikusudia.

Mkono wa koti uishie kwenye kifundo cha mkono, ili shati lichungulie kama sentimita moja. Kifungo cha chini cha koti hakifungwi, na ukikaa fungua vyote. Na kwa yeyote anayesoma jibu hili akiwa na suti mpya: kile kitambaa kidogo cha nembo kilichoshonewa nje ya mkono wa koti hutolewa kabla ya kuvaa, pamoja na uzi uliopitishwa kama alama ya msalaba kwenye mpasuo wa nyuma. Nimeviona vyote viwili kwenye meza kuu, juu ya makoti ya watu wenye vyeo vikubwa, na hakuna aliyethubutu kuwaambia.

SWALI: Kadi yetu inasema wanawake wavae magauni marefu ya usiku. Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, huvaa buibui na ushungi kila siku kazini. Je, niombe ruhusa? (Afisa forodha, Mombasa)

JIBU: Huhitaji kuomba ruhusa. Kadi inataja kiwango cha urasmi, na buibui la kitambaa kizuri lenye darizi ya kiasi linakifikia kiwango hicho bila shida. Huko Muscat na Dubai wanawake huhudhuria dhifa za kibiashara wakiwa wamevaa hivyo. Kitu cha kubadilisha ni kutoka lile la kazini kwenda la usiku: kitambaa kizito kidogo kinachoanguka vizuri, na nakshi kwenye mikono au kifuani, si kote kote. Tahadhari na mikono mipana, kwa maana ni mizuri ukisimama lakini huogelea kwenye mchuzi ukikaa, na mezani ndipo utakapokaa zaidi. Ushungi wa shifoni uwe na kofia ya ndani, kwani huteleza, na mtu anayerekebisha ushungi kila dakika hawezi kumsikiliza mkurugenzi wake.

Wanaume wa pwani nao huniuliza jambo hilohilo kuhusu kanzu. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, kofia ya viua na koti jeusi juu yake ni vazi la dhifa tangu zamani. Kadi ikidai suti nyeusi na tai ya kipepeo, wenyeji wengi huongeza kwamba vazi la taifa linakubaliwa. Wasipoongeza, simu moja kwa mwandaaji inatosha.

SWALI: Tutakula na wafadhili wetu kutoka Ulaya. Nataka kuvaa gauni la kitenge, na bosi wangu, mwanamume, anataka suti ya Kaunda. Je, tutaonekana hatuna adabu? (Mratibu wa mradi, Dodoma)

JIBU: Hapana, nyote wawili. Vazi lililopewa jina la Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, ni rasmi kwa asili yake, na huvaliwa bila tai. Ni kweli kwamba Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alilipiga marufuku bungeni, ingawa Rais William Ruto mwenyewe hulivaa mara kwa mara. Lakini bunge lina kanuni zake, na nyinyi mnakwenda hotelini.

Kuhusu kitenge, kinachoamua urasmi ni mshono. Maua makubwa yakikatwa ovyo hukutana vibaya katikati ya kifua, kwa hiyo nunua kitambaa cha ziada ili fundi apate nafasi ya kuyalinganisha, na kilowekwe majini kabla ya kukatwa, maana pamba hurudi. Epuka lile vazi lenye marinda na mabega ya kupanda juu lililoshonwa kwa ajili ya harusi. Gauni la mstari mnyoofu, linalovuka magoti, litaheshimiwa zaidi. Fundi mtajie tarehe iliyo wiki moja kabla ya dhifa. Sihitaji kueleza sababu.

Mambo mawili ya kuangalia dukani: mabaka yanayofanana na sare za jeshi yaache, kwani mwaka 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, iliwataka raia wote wayasalimishe mavazi ya namna hiyo, na kama utashonesha khanga badala ya kitenge, soma maandishi yake kwanza, usije ukaketi karibu na mkuu wa shirika ukiwa umebeba kijembe mgongoni.

SWALI: Wanawake wa idara yetu wameamua tushone sare ya dhifa, na mchango pamoja na ushonaji ni mkubwa kuliko uwezo wangu. Nikikataa nitasemwa. (Karani, Mwanza)

JIBU: Dhifa ni ya mwajiri, na mwajiri hakuagiza sare. Mwambie mratibu mapema, faraghani, kwamba mwaka huu hutaweza, kisha uliza rangi waliyochagua. Mtandio au blauzi ya rangi hiyo pamoja na sketi uliyonayo itakuweka kwenye picha pamoja na wenzako, na deni halitaingia nawe mwaka mpya. Wenye kusema watasema wiki moja.

SWALI: Benki inayotuhudumia imetualika futari mwezi wa Ramadhani. Mimi ni mwanamke Mkristo na sijawahi kwenda. Je, nijifunike kichwa? (Mfanyabiashara, Unguja)

JIBU: Wageni wasio Waislamu hawalazimiki kujifunika kichwa, lakini chukua mtandio mkononi, kwani dua ikisomwa na wanawake wote walio karibu nawe wamejifunika, utafurahi kuwa nao. La lazima ni nguo pana, ya mikono mirefu, inayofika vifundoni na isiyopenya mwanga. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba huenda mkaketi kwenye jamvi. Sketi nyembamba haikaliki chini kwa staha, viatu vya kamba nyingi huchelewesha mlango mzima, na soksi, ukivaa, ziwe nzima. Manukato yawe machache. Fika kabla ya magharibi, kwa kuwa tende hazimsubiri mtu, na baada yake wengi watainuka kwenda kuswali. Wewe kaa kwa utulivu mpaka warudi.

SWALI: Visigino virefu ni lazima? (Mwanasheria, Arusha)

JIBU: La. Kiatu bapa cha ngozi, kisafi na chenye ncha iliyochongoka, kinatosha kwa gauni lolote, na katika bustani ya nyasi iliyonyeshewa ndicho pekee kitakachokufikisha mezani.

SWALI: Kadi ni ya watu wawili. Je, mimi na mume wangu tuvae sare? (Muuguzi, Tanga)

JIBU: Mkipenda, lakini kwa kiasi: tai yake ichukue rangi moja iliyomo kwenye gauni lako, basi. Kwenye dhifa ya kazi yako, wewe ndiye unayejulikana, na yeye ni mgeni wako, hivyo mpatie taarifa zote ulizopewa, ikiwemo ya viyoyozi, na umkague kabla hamjatoka nyumbani. Nembo ya mkono wa koti usisahau kuitoa.