Je, jina la chuo ndilo linalompa daktari nafasi ya ubingwa? Jibu refu la aliyesailiwa, kisha akasaili

Mdogo wangu, nimekuelewa hivi: umepata nafasi ya kusomea udaktari kwenye chuo kipya ambacho watu hawakijui, na unawaza kuiacha, ukae mwaka mzima, kisha uombe tena kile chuo chenye jina. Sababu ni kwamba umeambiwa asiyetoka chuo kikubwa hapati nafasi ya kusomea ubingwa. Walionitangulia kukujibu wamegawanyika: wapo wanaosema jina ni kila kitu, wapo wanaosema jina si kitu. Mimi nilisoma udaktari kwenye chuo kisicho na jina, nikasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani kwenye hospitali yenye jina, na kwa miaka kadhaa sasa nakaa kwenye jopo linalosaili madaktari wanaoomba nafasi hizo hizo. Pande zote mbili zina ukweli kidogo na chumvi nyingi.

Kabla ya jina kuna ithibati, na watu huvichanganya hivi viwili. Jina ni maneno ya watu. Ithibati ni uamuzi wa chombo chenye mamlaka kwamba chuo kina walimu, maabara, wagonjwa na mitaala inayotosha kumtoa daktari. Chuo kisicho na jina kinaweza kukufikisha popote, lakini chuo kisicho na ithibati kinaweza kukunyima hata leseni ya kwanza. Ukitaka siku moja kuvuka mpaka, jambo hili linazidi uzito. ECFMG ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1956 ili kuwahakiki madaktari waliosoma nje ya nchi hiyo, siku hizi huangalia pia kama chombo kilichokipa chuo chako ithibati kinatambuliwa na WFME, shirikisho la dunia la elimu ya udaktari. Kuna orodha ya vyuo vya udaktari duniani ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye intaneti. Tafuta chuo chako humo leo. Ila usije ukadanganyika: kuonekana kwenye orodha hiyo peke yake si ithibati, na wapo wenye vyuo wanaotangaza kana kwamba ni hivyo.

Hata hofu yako ya chuo kibovu si ya kuchekwa. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hata daktari hakuwa, alitoa ripoti baada ya kuvizungukia vyuo vyote 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Alikuta vingine havina maabara ya maana wala hospitali, ni biashara ya ada tu. Vingi vilifungwa miaka iliyofuata, na humo humo vikafungwa vyuo vitano kati ya saba vilivyokuwa vikiwafundisha madaktari weusi, vikabaki Howard na Meharry. Nalitaja hilo kwa sababu kila mtu anapopanga vyuo kwa ubora, kuna wanaookolewa na kuna wanaoumizwa, na aliyepanga mara nyingi hakai kuwahesabu wa kundi la pili.

Kwenye orodha za magazeti za “vyuo bora” sitakaa sana. Nyingi hupima fedha za utafiti na maoni ya wakuu wa vyuo kuhusu vyuo vya wenzao. Fedha za utafiti hazimfundishi mtu kusikiliza kifua. Chuo cha udaktari cha Harvard chenyewe kilitangaza Januari 2023 kuwa hakitaipelekea tena takwimu zake orodha maarufu ya US News, na vingine vikafuata.

Sasa tuje kwa wagonjwa, maana hao ndio kipimo. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2018 uliwafuatilia wazee waliolazwa hospitalini Marekani, ukaangalia daktari aliyewatibu alisoma chuo cha nafasi ya ngapi kwenye orodha hiyo ya US News. Kwenye vifo, tofauti haikuonekana. Kwenye kurudi tena hospitalini ilikuwepo, lakini ndogo mno. Mwaka mmoja kabla, jarida hilo hilo lilichapisha utafiti mwingine uliowalinganisha madaktari waliosoma nje ya Marekani na waliosoma ndani: wagonjwa wa waliosoma nje walikufa kwa asilimia 11.2 ndani ya siku 30, wa wale wengine asilimia 11.6. Nakumbuka wenzangu wawili walivyobishana juu ya takwimu hizo hadi chai ikapoa, mmoja akidai haiwezekani.

Linganisha na utafiti wa mwaka 2009 kwenye jarida la JAMA. Huo haukuuliza daktari wa uzazi alisoma udaktari wapi, uliuliza alisomea ubingwa hospitali gani. Waliangalia mamilioni ya uzazi katika majimbo ya Florida na New York. Akina mama waliozalishwa na mabingwa waliotoka kwenye programu za kundi la chini kabisa (zilipangwa kwa kiwango cha madhara ya wagonjwa wa waliosomea huko) walipata madhara makubwa kwa asilimia 13.6. Waliozalishwa na waliotoka kundi la juu walikuwa asilimia 10.3. Yaani madhara yalizidi kwa karibu theluthi moja. Na hata walipozingatia alama ambazo madaktari hao walizipata kwenye mitihani ya leseni, picha haikubadilika sana. Hilo ndilo ningependa ulibebe: unakosomea ubingwa kunakaa mikononi mwako maisha yote, kuliko ulikosomea shahada ya kwanza. Kwa hiyo mwaka unaotaka kuupoteza kwa ajili ya jina la chuo, nguvu zake ungeziweka kwenye kujiandaa kuingia hospitali nzuri ya ubingwa.

Utaniuliza, sasa nitaingiaje huko kama jina la chuo changu halijulikani? Inategemea mlango ulivyowekwa. Hispania, anayetaka ubingwa hufanya mtihani wa taifa uitwao MIR, na huo hubeba asilimia 90 ya alama za kumpanga. Ufaransa nako wanafunzi hupangwa kitaifa kwa mitihani, na aliye juu ndiye anayetangulia kuchagua fani na mji. Kwenye mifumo hiyo msahihishaji hajui wala hajali umetoka wapi. Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini una COSECSA, chuo cha pamoja cha madaktari wapasuaji wa kanda hiyo, iliyoanzishwa 1999: unajifunzia kwenye hospitali iliyokaguliwa, hata kama si ya chuo kikuu, na mtihani wa mwisho ni mmoja kwa wote. Marekani ni habari nyingine. Huko programu zinakuchagua na wewe unazichagua, kisha kompyuta inawaoanisha. Tangu Januari 2022 sehemu ya kwanza ya mtihani wao wa leseni haitoi alama tena, ni kufaulu au kufeli basi. Nia ilikuwa njema, kuwapunguzia wanafunzi wazimu wa kukimbizana na alama. Lakini aliyetoka chuo kisichojulikana amepoteza namba moja ambayo ingemsemea, na amebaki na uzito wote kwenye sehemu ya pili. Sioni kama hilo lilifikiriwa vya kutosha.

Palipo na faili na usaili, ngoja nikueleze kinachotokea ndani ya chumba. Mafaili ni mengi, muda ni mfupi, na wasaili wametoka zamu. Jina la chuo likijulikana, msomaji anatulia. Hajasema huyu ni bora. Amesema tu “hawa nimeshawahi kufanya nao kazi”. Jina lisipojulikana, haandiki alama ya chini, ila anaanza kutafuta kitu kingine cha kushika. Ni hapo waombaji wengi wa vyuo vipya wanapopotea, kwa sababu wametuachia matokeo na cheti, hakuna kingine.

Kitu cha kwanza tunachokitafuta ni barua. “Ni mchapakazi, ana nidhamu, anashirikiana vizuri na wenzake.” Barua hiyo hata aliyefukuzwa kazi huandikiwa. Tena ikiwa na saini ya profesa mkubwa inaharibu zaidi, maana inaonyesha profesa hamjui. Barua ninayoikumbuka hadi leo iliandikwa na daktari wa hospitali ndogo ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemfahamu. Aliandika kwamba kijana huyu akiwa intani, yaani daktari wa mafunzo kazini, alikataa kumhamisha mgonjwa wa kisukari kutoka chumba cha uangalizi ingawa sukari ilikuwa imeshuka na mgonjwa anaongea, kwa sababu potasiamu nayo ilikuwa inashuka na hakuridhika nayo. Akabaki hadi majibu ya pili yalipotoka, na yakamthibitishia. Akaandika pia kwamba kijana ni mwepesi wa kukasirika akichoka, na kwamba amekuwa akilifanyia kazi hilo. Tulimwita kwenye usaili wote kwa sauti moja. Barua inayotaja udhaifu huaminika hata inaposifia.

Barua kama hiyo haipatikani kwa kuomba mwishoni. Unaipata kwa kuwa wodini wakati bingwa yupo, kuwasilisha mgonjwa wako bila kubabaisha, kusema “sijui” pale usipojua. Ndiyo maana nawashauri wanaotoka vyuo vichanga wapeleke mafunzo kwa vitendo, na hasa intanshipu, kwenye hospitali ambayo tayari inasomesha mabingwa wa fani wanayoitaka. Mwaka mmoja wa kuonwa na watu watakaokusaili unazidi miaka mitano ya jina lililochapwa juu ya cheti.

Kwenye usaili wenyewe huwa nauliza swali moja la aina hii: nieleze mgonjwa uliyempokea usiku akiwa mahututi, ulifanya nini kabla bingwa hajafika? Waliotoka vyuo vikubwa, si wote, wakati mwingine wanajikwaa hapa. Kwenye hospitali kubwa ya kufundishia kitanda kimoja kinazungukwa na bingwa, anayesomea ubingwa bobezi, anayesomea ubingwa, intani, na mwanafunzi yuko nyuma kabisa anachungulia. Ameona magonjwa adimu ya kutosha kujaza kitabu, lakini mrija wa kifua hajauweka. Wa hospitali ndogo amezalisha, ameshona, ametoa maji mapafuni. Ila usikimbilie kushangilia: kuna hospitali ndogo ambako mwanafunzi anafanya yote hayo bila mtu wa kumwambia amekosea, na kosa lililorudiwa sana humkaa mtu kama ujuzi. Kazi za mikono zenye msimamizi ndizo tunazozitafuta, na daftari la kazi lenye saini za kweli huonekana tofauti na lililojazwa usiku mmoja kwa kalamu moja.

Siku ikifika ya kuchagua hospitali ya ubingwa, usimwulize mkuu wa idara, atakuambia yote ni mazuri. Kaa na walio mwaka wa pili. Wa kwanza bado wanashangaa na wa mwisho wameshachoka kusema. Waulize usiku nani anaingia thieta, wao au bingwa peke yake, na kama wanamwita bingwa anakuja au anaelekeza kwa simu. Waulize kwenye kikao cha kujadili vifo nani huwa anaongea. Pale ambapo mdogo anaulizwa na mkubwa naye anaulizwa, watu wanajifunza. Pale ambapo mdogo peke yake ndiye anayelaumiwa, watu wanajifunza kuficha. Waulize waliomaliza mwaka jana wako wapi na mitihani waliifaulu kwa mkupuo gani. Waulize habari ya pesa bila aibu, kwa sababu kuna nchi ambako anayesomea ubingwa ni mwajiriwa mwenye mshahara na nyingine ni mwanafunzi anayelipa ada huku anashika zamu.

Saa za kazi nazo uliza. Marekani wameweka ukomo wa saa 80 kwa wiki tangu 2003, na sheria ya Umoja wa Ulaya inasema 48. Wazee wetu wanaodai kuwa bingwa hapikwi bila kukesha wanamfuata William Halsted, aliyeanzisha mafunzo ya namna hii ya upasuaji pale Johns Hopkins mwaka 1889. Huwa hawaongezi kwamba Halsted alikuwa na uraibu wa kokeini, kisha mofini.

Je, kuna mahali jina lina uzito kweli? Lipo. Ukitaka maisha ya utafiti na uprofesa, chuo kikubwa kitakupa maabara, wasimamizi na machapisho mapema. Fani zenye nafasi chache na waombaji wengi, kama upasuaji wa ubongo, hapo kila kitu huhesabiwa na jina limo. Na wanafunzi wenzako wa chuo kikubwa watakuwa wakuu wa idara kesho; hiyo ni faida ambayo sitajifanya haipo. Kwa anayetaka kuwa bingwa wa watoto au wa magonjwa ya ndani anayetibu vizuri, hayo yote si ya kupotezea mwaka.

Kwa hiyo kwako: chuo hicho kipya kama kina ithibati kamili na hospitali yake ya kufundishia inalaza wagonjwa kweli, nenda. Kama ithibati ni ya muda, au wanasema hospitali “inajengwa” na mtatembezwa kwenye hospitali za watu kwa makubaliano ya mdomo, hapo subiri, hata kama ni mwaka. Waulize pia mabingwa wanaofundisha ni waajiriwa wa kudumu au wanapita siku moja kwa wiki. Ukipata majibu ya hayo matatu kabla dirisha la kuthibitisha nafasi halijafungwa, yaandike hapa bila kutaja jina la chuo, nitakwambia ningefanya nini.