Cheti cha kamera ya joto cha masaa sita, nilipe?

SWALI: Habari za kazi wakuu. Mi fundi umeme kiwandani hapa Tanga, bosi kanunua kamera ya joto anataka niwe napiga picha paneli zote za umeme kila mwezi, sasa kuna jamaa anauza kozi ya onlaini masaa sita, anasema nikimaliza napewa cheti cha levo ya kwanza kinachotambulika dunia nzima. Nilipe?
Fundi, Tanga

JIBU: Usilipe kaka. Levo ya kwanza ya ukweli darasa lake ni kama masaa 32, siku nne tano hivi, na mtihani juu. Masaa sita ni semina, itakusaidia kuijua kamera, basi.

Halafu hata ukisoma hayo 32 ukafaulu, kile cheti ni cha darasa tu, kuthibitishwa ni habari nyingine. Kiwango cha kimataifa cha ISO 18436-7 kinataka na uzoefu wa kazini, kwa hiyo anza leo kuandika kila paneli unayopiga, tarehe na masaa. Ukipitia utaratibu wa Wamarekani, SNT-TC-1A wa ASNT (chama chao cha upimaji bila kuharibu kifaa), anayekuthibitisha ni mwajiri wako, ukihama kampuni uthibitisho unabaki huko huko. Jamaa muulize cheti chake ni cha kiwango namba ngapi, akianza kuzunguka ujue hamna kitu.

Kwa nini masaa mengi hivyo? Chukua basibaa, ule ubao wa shaba unaogawa umeme ndani ya paneli, unaong'aa. Emisiviti yake, yaani uwezo wa uso wake kutoa mionzi ya joto kwa kipimo cha 0 hadi 1, iko chini sana, haifiki hata 0.1, kamera inasoma joto linaloakisiwa, pengine la mwili wako mwenyewe, nati inaungua we unaandika "iko poa". Dawa yake umeme ukiwa umezimwa bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, hiyo ni kama 0.95, washa, acha mzigo, yaani umeme unaovutwa na mashine, upande ndo upige. Na mzigo uwe angalau asilimia 40 ya mzigo kamili, maana ampia zikiongezeka mara mbili joto kwenye kiungio kibovu linazalishwa mara nne, ukipiga Jumapili mashine zimelala hutaona kitu. Ile kava ya plastiki ya uwazi nayo lazima itoke, macho yako yanapita ila kamera haipiti, na hapo unasimama mbele ya umeme uliowaka, kwa hiyo bosi akilipia kozi alipie na nguo za kujikinga na mlipuko wa umeme.