Geti linawalilia waliolipa? Anza na pedi ya kaunta

Kwa dada mwenye duka la nguo na vipodozi Eastleigh. Nikikuelewa vizuri, uliagiza kutoka China mageti mawili ya kunasa wizi mlangoni, yanayotumia mawimbi ya 8.2 MHz, na pedi moja ya kuzimia lebo za bidhaa mteja akishalipa, fundi wa stima akakufungia, na sasa geti linawalilia wateja waliolipa, halafu ikifika jioni linalia lenyewe hata mlangoni pakiwa hapana mtu. Unauliza urudishe mageti au umwambie fundi aongeze nguvu.

Usirudishe, na nguvu usiongeze kwanza. Kuongeza nguvu ya geti hivi lilivyo ni kama kuongeza sauti ya redio ambayo haijakamata stesheni: mikwaruzo ndiyo itakayozidi. Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mifumo hii hapa Nairobi, na malalamiko mengi ya geti ninayoitiwa huwa yanaanzia kaunta. Watu hununua mageti kwa macho, kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Pedi inatupwa chini ya meza ya keshia, inachomekwa kwenye soketi, basi imetoka.

Chukua lebo moja ya mraba uitazame kwenye mwanga. Utaona koili ya alumini iliyozungushwa mara kadhaa, na katikati kapasita bapa, yaani sahani mbili nyembamba zilizotenganishwa na utando wa plastiki. Haina betri wala haijaandikwa kitu ndani yake. Geti linarusha mawimbi yanayopanda na kushuka, takriban kati ya 7.4 na 8.8 MHz, na lebo iliyo hai inaitikia karibu na 8.2. Pedi inarusha masafa hayohayo lakini kwa nguvu zaidi na kutoka karibu, hadi umeme unaoamka ndani ya koili unatoboa utando wa plastiki wa kapasita mahali palipofinywa makusudi kiwandani. Sahani mbili zinagusana, na lebo inanyamaza. Kuzima lebo ni kupiga shoti ndogo, hakuna zaidi ya hapo.

Ukishaelewa hivyo, mengi yanajieleza. Nguvu ya pedi inapungua haraka sana bidhaa ikiinuliwa. Pedi nyingi za bei ya kawaida zinafanya kazi vizuri ndani ya sentimita kumi hivi, na zile nzuri zinapanda zaidi kidogo. Lebo lazima ilale bapa juu ya pedi ili mawimbi yapite katikati ya koili. Ikiwa imesimama wima ubavuni mwa boksi la krimu, na keshia akalipitisha boksi likiwa limesimama, lebo inaweza kutoka hai kabisa. Na shoti yenyewe ni dhaifu: lebo ikikunjwa na kukunjuliwa, au ikipita kwenye maji ya kufulia, ule mguso unaweza kuachia na lebo ikafufuka.

Hapa kwetu, hilo la lebo kuwa hai lina sura yake. Baadhi ya majaketi na suruali za mitumba kutoka Gikomba zina lebo iliyoshonewa ndani na kiwanda, ile yenye maandishi ya kukwambia uikate kabla ya kuvaa. Hakuna anayeikata. Mtu anaingia dukani kwako na jaketi lake la mwaka juzi, geti linalia akiwa anaingia, soja anamkodolea macho. Kwa hiyo mwambie soja wako aangalie linalia mtu akiingia au akitoka. Linalomlilia anayeingia halihusu bidhaa yako, na mtu huyo asiguswe. Mwombe tu kwa adabu mkate ile lebo, wengi wanashukuru. Vilevile mtu anayetoka Luthuli Avenue na roli ya waya wa umeme mkononi anaweza kuliamsha geti, maana waya uliozungushwa ni koili nao.

Sasa tuje kwa pedi yako. Leo kabla hujafunga, ichomoe kabisa kwenye soketi, si kuizima kwa swichi tu, uone kama geti litatulia. Duka jembamba maana yake kaunta iko karibu na mlango, na pedi nyingi zinarusha mawimbi muda wote zikitafuta lebo. Geti linayasikia. Mimi sikubali pedi ikae chini ya mita mbili kutoka kwa geti, na nikipata tatu nafurahi. Kama geti likitulia pedi ikiwa imechomolewa, umeshapata nusu ya jibu, na dawa ni kuhamisha pedi upande wa ndani wa kaunta, hata kama keshia atanung'unika kwamba mkono unafika mbali.

Cha pili, inama uangalie kaunta imetengenezwa na nini. Kaunta nyingi hapa zinachomelewa kwa vyuma vya mraba, juu zinafunikwa mbao za MDF. Ukiweka pedi katikati ya fremu ya chuma iliyounganika pande zote nne, fremu ile inakuwa koili nyingine, inanyonya mawimbi, na pedi inabaki na nguvu ya kuzima lebo iliyogusana nayo tu. Juu ya bati la chuma kisichoshika kutu ndiyo kabisa, utakuwa unapasha bati moto. Pedi ikae kwenye mbao, na chuma kiwe mbali nayo angalau sentimita kumi na tano kila upande. Pasipo nafasi, fundi wa kuchomelea akate fremu sehemu moja, aunge kwa kipande cha plastiki ngumu au mbao ili mzunguko wa chuma ukatike. Dawa hiyohiyo inafanya kazi kwa fremu ya mlango na kwa stendi za nguo zilizo karibu na geti: si lazima uondoe chuma, kata mzunguko tu.

Baada ya hapo ndipo unaipima pedi. Kata lebo kadhaa kutoka kwenye roli unayotumia dukani, si zile za sampuli zilizokuja na mashine. Bandika kwenye boksi tupu la bidhaa yako halisi, lipitishe kwa mwendo wa keshia mwenye foleni mbele yake, si mwendo wa maonyesho. Halafu nenda nalo hadi kwenye geti. Rudia lebo ikiwa chini, ikiwa juu, ikiwa ubavuni. Panda kidogokidogo na boksi mpaka uone ni urefu gani pedi inaanza kukosa; huo ndio urefu utakaomfundisha keshia. Mlio wa pedi usiuamini peke yake. Kwenye pedi nyingine ule mlio unasema tu kwamba imeona lebo, hausemi kwamba imeiua. Aliyekufa anathibitishwa na geti.

Kwa vipodozi kuna mtego ambao nadhani ndio unaokusumbua zaidi. Bidhaa nyingi za nje zinakuja na lebo ya kiwandani ndani ya boksi, mahali usipoiona. Wewe unabandika yako juu. Keshia anaizima yako akiitazama, ile ya ndani inatoka hai, mteja anapigiwa kelele na risiti iko mkononi. Pitisha boksi ambalo hujalibandika kitu karibu na geti. Likilia, acha kulibandika, kiwanda kimeshakusaidia. Na lebo mbili zikikaa zimepandana, kila moja inaivuta mwenzake kwenye masafa mengine, kwa hiyo pedi inaweza isizizime zote. Ndiyo sababu keshia asipitishe boksi tatu kwa mkupuo mmoja, moja juu ya nyingine, hata foleni ikifika mlangoni.

Marashi yenye boksi la karatasi ya kung'aa iliyopakwa madini, makopo ya bati, na chupa zilizojaa maji maji ni tabu ya aina nyingine: lebo ikigusa hapo inahama masafa yake, geti haliioni na pedi haiioni. Hizo ndizo bidhaa zako zinazopita bila kulipiwa. Bandika kwenye kifuniko cha plastiki au kona isiyo na madini, na yale ya bei kali yafungie kwenye kabati la kioo.

Kwa nguo, ushauri wangu ni uachane na lebo za karatasi kabisa. Nunua tagi ngumu za plastiki zenye pini, na sumaku ya kufungulia ifungwe kwa skrubu kwenye kaunta. Hapo hakuna kuzima wala kufufuka: tagi imetoka au haijatoka, na unaitumia tena na tena. Tagi hizo huwa na koili kubwa kuliko lebo ndogo, geti linaziona kwa mbali zaidi. Ila sumaku ikiachwa ovyo, mwizi atakuwa wa kwanza kuijua ilipo.

Tatizo la jioni naliona hivi. Kinachobadilika jioni dukani kwako ni taa. Adapta za bei rahisi za taa za LED, zile mikanda za rafuni na bango la nje, zinatoa kelele nyingi za masafa ya juu, na geti haliwezi kutofautisha kelele hiyo na lebo. Chaja za simu pale kaunta nazo ni hivyohivyo. Washa kila kitu, kisha zima kimoja kimoja ukiangalia zile taa ndogo kwenye bodi ya geti zinazoonyesha nguvu ya mawimbi yanayoingia. Ukikuta adapta ambayo ukiizima taa hizo zinashuka, ibadilishe. Ukizima kila kitu chako na kelele bado ipo, ni ya jirani au ni geti la duka la ng'ambo ya ukumbi. Mageti ya karibu ya masafa yaleyale yanasumbuana yasipopatanishwa, na hapo inabidi mafundi wenu wawili wakutane.

Ndiyo maana geti halirekebishwi asubuhi duka likiwa nusu tupu. Lirekebishe taa zote zikiwaka, rafu zikiwa mahali pake, shata ikiwa imekunjwa juu kama saa za kazi. Weka usikivu wa geti, yaani wepesi wake wa kusikia lebo, chini kabisa, panda hatua moja moja. Kila hatua pita katikati ya njia na lebo ikiwa kwenye urefu wa kifundo cha mguu, kiunoni, begani, na uigeuze pande zote tatu. Geti halitaziona zote sawasawa, kubali hilo. Simama hatua moja kabla ya pale linapoanza kulia bure. Kama kwa usikivu huo lebo ndogo inapita katikati bila kuonekana, mageti yako yako mbali mno. Yasogeze karibu au nunua lebo kubwa zaidi. Kwa lebo ya sentimita nne kwa nne mimi huwa sipiti mita moja kati ya geti na geti. Na roli za akiba za lebo zisikae chini ya meza karibu na mlango. Nguo zilizotagiwa zikae mita moja na nusu kutoka kwa geti, hata kama pale mbele ndipo zinapovutia wapita njia.

Kwa wengine mtakaosoma mkiwa na ule mfumo mwingine wa 58 kHz: wenu unakwenda kwa vipande vya madini vinavyotetemeka pembeni ya kipande cha sumaku, na pedi yenu inaua ile sumaku. Mfumo huo unajipanga kwa mapigo ya stima, 50 kwa sekunde hapa kwetu, kwa hiyo jenereta mbovu au inveta ya bei rahisi inaweza kuuvuruga stima ikipotea. Baadhi ya pedi zake zina kapasita zenye volti za kuua hata baada ya kuchomolewa, fundi wa simu asizifungue. Kadi za benki zisilazwe juu yake.

Kuhusu keshia, sema naye mapema. Keshia anayezima lebo bila kuskani bidhaa anamwibia bosi, na geti haliwezi kumwona kwa sababu lebo imekufa. Kama pedi yako ina waya wa kuunganisha na skana, uunganishe ili izime tu msimbo ukishasomwa. Skana nyingine kubwa za kaunta zina antena ya kuzima lebo ndani tayari.

Na soja: geti likilia, amrudishe mteja kaunta, bidhaa zipitishwe tena moja moja, risiti ilinganishwe, basi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 watu wanakuja na mifuko yao, na ndani mna vitu walivyonunua kwingine vyenye lebo ambazo hazikuzimwa vizuri. Kumpekua mtu mlangoni mbele ya ukumbi mzima kutakugharimu zaidi ya krimu.

Anza na kuchomoa pedi jioni ya leo, taa zote zikiwa zinawaka. Halafu weka hapa picha ya bodi ya geti ikionyesha vile vipini vidogo vya kuchagua usikivu, umbali kutoka pedi hadi geti la karibu, na ukubwa wa lebo unazotumia. Kwa hayo matatu naweza kukwambia uanzie hatua ipi ya usikivu.