Wasomaji wauliza: Kambakoche au ngege?

SWALI: Wakwe zangu wanatoka Nakuru Jumamosi, nami nimeweka meza kwenye mkahawa mmoja wa fahari kando ya ziwa. Menyu ina kamba, ngisi na kambakoche kwa bei za kutisha, na ngege mzima kwa bei nafuu. Sitaki kuonekana bahili. Niagize nini? – Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Agiza ngege, dada, wala usione haya. Kambakoche na ngisi hawaishi Ziwa Victoria. Wametoka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na kwa kawaida hufika wakiwa wamegandishwa. Kugandishwa si dhambi. Ubaya ni kuyeyushwa, kukosa mteja, kisha kurudishwa kwenye friza: kamba wa namna hiyo nyama yake huwa tepetepe na harufu yake hukaribia ya mkojo. Muulize mhudumu wameyeyushwa lini. Akijibu papo hapo bila kuuliza jikoni, usimwamini sana.

Ngege omba umwone akiwa mbichi. Mfunue shavu: matamvua yawe mekundu, si ya kahawia yenye utelezi. Jicho liwe limetokeza na kung'aa. Mbonyeze mgongoni kwa kidole. Kishimo kikibaki, mrudishe. Wa gramu 500 hadi 600 humtosha mtu mmoja na ugali. Mara nyingi bei hufuata ukubwa, kwa hiyo elewaneni kabla hajaingia kwenye mafuta.

Baada ya hapo, subira. Kuparua magamba, kumchanja, kumtia chumvi na kumkaanga mzima huchukua kama dakika 25. Akifika mezani kwa dakika 8, huyo alikaangwa asubuhi na sasa amepashwa moto tu: ngozi ngumu kama kiatu, mnofu wa mgongoni umekauka nyuzinyuzi.

Wakwe waking'ang'ania kamba, sawa. Aliyeiva vizuri hujikunja kiasi, kama herufi C. Aliyejikunja hadi mkia ukagusa kichwa amepitiliza.

SWALI: Samaki mzima huliwaje kwa kisu na uma bila kumvuruga?

JIBU: Ugali ukiwepo, nawa utumie mkono, Kisumu hakuna atakayekushangaa. Ikibidi uma, pitisha kisu katikati ya ubavu, toka nyuma ya kichwa hadi mkiani. Sukuma mnofu wa juu kuelekea mgongoni, wa chini kuelekea tumboni. Ukimaliza upande huo usimgeuze. Shika mkia uinue polepole: uti wa mgongo utatoka pamoja na miiba yake, mnofu wa pili ubaki sahanini. Ukigoma kuachana na nyama, samaki hajaiva vizuri mfupani, mrudishe jikoni. Na lile shavu usiliache, hapo ndipo penye nyama laini kuliko zote.

SWALI: Mume wangu ana mzio wa kamba. Samaki je?

JIBU: Hiyo ni mizio miwili tofauti, wengi wanaodhurika kwa kamba hula samaki bila shida. Tatizo ni karai. Ngege akikaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia kamba, ni kama amekula kamba. Mwagizie wa kuchemshwa katika sufuria yake, na mhudumu aambiwe sababu. Omena aiache pia: uduvi wa ziwani hunaswa nayo kwenye nyavu, na hakuna mpishi anayeketi kuwachambua mmoja mmoja.